Sura ya Tisa: Gramu Mia Moja na Mbili

Kufikia saa moja asubuhi ya Ijumaa, Inspekta Nabwire alikuwa amesimama na kuketi mara kumi, na chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Mezani palikuwa na karatasi moja tu, orodha ya makopo matatu, nayo ilikuwa imemnyima usingizi. Kopo la kwanza lilikuwa na gramu mia tano, sasa lina mia nne na arobaini. La pili lilikuwa na mia mbili na hamsini, sasa lina mia mbili na ishirini. La tatu, dogo, lilikuwa na gramu mia, sasa lina themanini na nane. Jumla ya unga wa madini ya manganisi uliopotea katika maabara ya betri ya Taasisi ya Nishati ya Ziwani ilikuwa gramu mia moja na mbili.

Mshukiwa alikuwa seli. Nabwire mwenyewe ndiye aliyemkamata jana saa tano asubuhi, kwenye shule ya msingi karibu na Kombewa, mbele ya watoto thelathini wa darasa la pili. Alimkuta na ndoo ya unga mweusi mkononi, akamtia pingu kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza. Ndivyo Nabwire alivyokuwa. Walimwengu wakisema haraka haraka haina baraka, yeye alisema hao ni wavivu wanaojitetea.

Sheria inampa polisi saa ishirini na nne tu. Saa tano leo Frankline Oluoch, fundi wa maabara, angesimama kizimbani kwa shtaka la kumwibia mwajiri wake. Hata akishinda kesi baadaye, ni nani angemkabidhi tena ufunguo wa stoo?

"Naswa!" aliita.

Konstebo Naswa, dereva wake, aliingia akitafuna mandazi.

"Wewe ukiiba sukari kwenye makopo matatu, utaiba vipi?"

"Madam, mimi siibangi."

"Nimesema ukiiba."

Naswa alifikiri. "Nitachota kwa ile kubwa. Hiyo kidogo sitaigusa, itajulikana haraka."

"Huyu amechota kwenye yote matatu. Na kwa kipimo kimoja. Kila gramu mia ameondoa kumi na mbili, hakuzidisha wala hakupunguza."

"Basi huyo ni mwizi amesoma."

Nabwire hakucheka. Alishika karatasi yake, akateremka seli.

Oluoch alikuwa ameketi kwenye sakafu, mgongo ukutani, vidole bado vyeusi. Alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Nakuuliza mara ya mwisho. Ule unga wa ndoo ni wa nini?"

"Nilikuambia jana, Madam. Ni ya kupaka ubao."

"Mkuu wako, Daktari Wangu, ameupima. Una manganisi, ileile iliyo kwenye makopo yenu."

"Lazima iwe na manganisi. Imetoka kwa mawe ya tochi, hizi betri zinauzwa kila duka. Ndani ya mawe ni manganisi tu." Alimtazama bila hasira, na hilo lilimchoma Nabwire kuliko matusi. "Jana hukutaka kusikia. Enda uone hiyo ubao. Enda ushike hiyo unga na mkono yako."

"Na gramu mia moja na mbili?"

"Hiyo sijui. Wallahi sijui. Ijumaa iliyopita niliacha makopo zikiwa zimejaa, nikaenda Bondo kwa matanga ya mjomba. Jumamosi yote nilikuwa kwa kaburi, uliza boma mzima."

Saa moja na nusu gari lilikuwa barabarani. Naswa aliendesha, Nabwire akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Kichwani alikuwa akipanga siku za wiki hiyo kama Daktari Wangu, mkuu wa maabara, alivyomweleza. Walikuwa wakitengeneza betri ya kuchaji isiyohitaji lithiamu ya bei ghali. Upande mmoja waliweka bamba la magnesiamu. Upande wa pili, ule wa kathodi unaoipokea magnesiamu betri inapofanya kazi, waliweka unga wa oksidi ya manganisi. Betri hizo zingewasha taa za wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Jumapili mtafiti wao, Gordon, aliunda betri mpya kwa chembe za unga wa makopo yale, zisizofika gramu moja. Jumatatu wageni wafadhili walikuja ufukweni kuona. Taa iliwaka kwa muda wa kusema sala fupi, ikazimika. Jumanne Daktari Wangu aliyapima makopo, akakuta yamepungua. Alikata shauri kwamba aliyeuchezea unga ndiye aliyeua betri, na mwenye ufunguo wa stoo alikuwa Oluoch. Akamsimamisha kazi siku hiyohiyo, akamnyang'anya ufunguo. Ufunguo wa pili ulining'inia ofisini kwa daktari, na hakuna aliyeuuliza habari zake.

Shuleni, Mwalimu Beldina, mwalimu mkuu, alimpokea Nabwire mlangoni pa darasa la pili. Alimwamkia, lakini hakumkaribisha kiti.

"Oyawore, Inspekta. Umekuja kushika nani leo?"

"Nimekuja kuona ubao, Mwalimu."

Msichana aliyekaa dawati la mbele alisogea polepole hadi ukutani, akimtazama Nabwire mikononi. Alikuwa akitafuta pingu. Nabwire aliingiza mikono mfukoni, akaona aibu.

Ubao ulikuwa mweusi nusu. Nusu ya pili ilikuwa ya kijivu, imechakaa, chaki haishiki.

"Kila mwaka tunapaka," Mwalimu Beldina alisema. "Wavuvi mawe zao za tochi zikiisha, wanatuletea. Tunapasua, tunatoa ile nyeusi, tunasaga na makaa, tunachanganya na maji ya majani ya viazi. Frankline alisomea hapa. Aliposimamishwa kazi Jumanne, akaniambia, Mwalimu, badala ya kukaa nyumbani nikijiuliza maswali, wacha nipake ubao."

Nyuma ya darasa palikuwa na ndoo ya pili ya rangi na gunia la mawe yaliyokufa, na kando yake maganda ya bati yaliyopasuliwa. Kando ya maganda kulikuwa na rundo la vijiti vyeusi, vile vinavyokaa katikati ya kila jiwe. Nabwire alichuchumaa akavihesabu. Vilikuwa tisini na sita, vya kutosha kueleza unga wote wa ndoo. Alichukua jiwe moja zima, akalipasua kwa kokoto, akasugua unga wake kwenye kiganja. Ulikuwa na unyevunyevu, na uling'aa kama risasi ya penseli. Akatoa mfukoni kijaluba chenye unga alioukamata jana. Nao uling'aa vilevile, na ulikuwa na chembe za makaa. Unga wa maabara, aliouona Jumatano, ulikuwa wa kahawia iliyokolea, laini, usio na mng'ao wowote.

Alikuwa amemfunga mtu pingu kwa rangi ya ubao. Maneno hayo aliyasema kwa sauti, na Naswa akajifanya hakusikia.

Lakini kubaini kwamba ndoo haikuwa na hatia hakukurudisha gramu mia moja na mbili. Saa mbili na dakika ishirini. Nabwire alitoka nje, akaanza kupima uwanja kwa miguu, kwenda na kurudi kando ya ua. Upande wa pili wa ua mwanamke mmoja alikuwa akitandaza omena juu ya wavu wa zamani, akiwatawanya kwa ufagio.

"Askari, utachimba shimo hapo!" mwanamke alimwambia. "Kuja ununue omena utulie."

Jina lake lilikuwa Mama Seline. Nabwire aliinama kushika omena mmoja mbichi, kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi.

"Hii yote utauza leo?"

"Hii yote?" Mama Seline alicheka. "Leo ni ndoo tatu. Jua ikishamaliza kazi, itabaki ndoo moja. Hiyo kitu karibu ivunje nyumba yangu."

"Kivipi?"

"Mzee wangu ni mtu wa Muhoroni, amezoea miwa, hajui samaki. Mwaka ya kwanza alipima omena nikitoa kwa boti, akapima nikitoa kwa wavu. Akanishika mkono ati nauza kando, ati mimi ni mwizi. Nikamwambia, Baba Seline, mwizi ni hiyo jua juu yako, enda umshike!"

Naswa aliangua kicheko. Nabwire alikuwa amesimama tuli, jambo ambalo Naswa hakuwahi kuliona.

"Ndoo ikiwa kubwa na nyingine ndogo," Nabwire aliuliza taratibu, "zinapungua tofauti?"

"Zinapungua sawa. Jua haibagui ndoo, Madam."

"Ero kamano, Mama," Nabwire alimshukuru. Alishakimbia nusu ya uwanja.

Saa tatu na dakika kumi walikuwa mbele ya Daktari Wangu. Alikuwa mama mnene wa miaka hamsini na kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Nabwire hakuketi.

"Daktari, ule unga wenu una maji ndani?"

"Unaonekana mkavu, lakini ndiyo, yamo. Maji ndiyo uhai wake. Oksidi hii imejipanga kwa matabaka, kama chapati zilizopangwa sahanini, na maji yamekaa kati ya tabaka na tabaka. Magnesiamu ina chaji maradufu, ikiingia hushikwa na kuta. Maji huizunguka, ikapita."

"Ukikausha maji hayo?"

"Matabaka hufungana. Betri haiwezi..." Alivaa miwani, akaivua. "Lakini haukukaushwa. Jumanne, kabla sijaja kwenu, nilimuuliza Gordon waziwazi: kuna mtu aliyeweka unga huu kwenye oveni? Akasema hapana."

"Nami aliniambia hivyo jana, akaweka sahihi. Umebaki unga wa zamani ambao haujaguswa?"

Ulikuwepo. Daktari Wangu aliweka chupa ndogo ya kila bechi ya unga iliyotengenezwa kabatini mwake, chini ya kufuli. Waliingia maabara. Gordon Odera alikuwa kwenye kompyuta, kijana nadhifu aliyerudi kutoka Korea miezi miwili iliyopita. Aliwaona, akasimama, akafuta viganja kwenye koti lake jeupe.

Nabwire aliomba kazi ifanywe mbele ya macho yake. Daktari Wangu aliweka kisahani kwenye mizani, akamimina unga hadi kioo kikaandika kumi kamili. Akakiingiza kwenye oveni, akaweka nyuzi mia tatu.

"Itachukua muda gani?"

"Dakika arobaini zinatosha," alisema Daktari.

Arobaini! Nabwire alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na dakika ishirini na tano. Mahakama ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kama barabara ya stendi haina msongamano. Alizunguka meza mara moja, mara mbili. Alisoma kila karatasi iliyobandikwa ukutani. Akarudi kwenye oveni, akasimama mbele ya kioo chake kidogo chenye namba.

"Daktari, hii mashine inakumbuka kazi iliyofanya?"

Nyuma yake, kiti cha Gordon kililia.

"Sijawahi kuuliza," Daktari Wangu alisema. Alibonyeza kitufe, akabonyeza kingine. Mistari ikajitokeza, nao wakaisoma wote wawili vichwa vikigusana. Wa juu ulikuwa wa sasa hivi. Wa chini yake ulikuwa wa Jumatano, nyuzi mia tatu, dakika arobaini. Wa chini kabisa ulikuwa wa Jumamosi, nyuzi mia tatu, kwa muda wa saa sita.

"Jumamosi Oluoch alikuwa Bondo, matangani," Nabwire alisema. "Daktari, wewe ulikuwa wapi?"

"Kanisani, semina ya akina mama. Ufunguo ulikuwa pale ofisini."

Wote wakamgeukia Gordon.

"Sikujua," alisema. "Madam, naapa. Kule nilikotoka tulitengeneza za lithiamu. Maji huko ni sumu. Ukiacha unyevu kidogo tu, betri inafura, mkubwa anakufokea mbele ya watu. Miaka minne hakuna kitu nimegusa bila kukausha kwanza. Jumamosi nilitayarisha unga ya Jumapili. Mkono tu ndio ulienda. Sikuwaza hata. Daktari aliponiuliza Jumanne sikukumbuka, usiku ndio nikakumbuka."

Nabwire alimwamini. Kosa kama hilo lingeweza kufanywa na mtu hodari tu, na hata yeye alijua mkono unaokwenda wenyewe. Mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe jana, kwenye pingu.

"Hilo nimelielewa," alisema. "Sasa niambie kuhusu Jumatano."

Gordon alitazama oveni.

"Jumatano Oluoch alikuwa hana ufunguo tangu jana yake. Daktari alikuwa Nairobi. Ni nani aliyewasha oveni hii kwa dakika arobaini?"

"Mimi."

"Ulikuwa unakausha nini?"

"Gramu kumi. Za bechi ya zamani, nilikuwa nazo kwa droo yangu."

"Zikawa ngapi?"

Oveni ililia. Daktari Wangu alikitoa kisahani kwa koleo, akakiacha kipoe kidogo, akakiweka kwenye mizani. Namba zilitetereka, zikatulia. Nabwire aliweka kiganja juu ya kioo kabla Gordon hajaona.

"Nimekuuliza, zikawa ngapi?"

"Nane nukta nane," Gordon alinong'ona.

Nabwire aliondoa kiganja. Nane nukta nane.

Daktari Wangu aliketi. "Gordon. Ulijua tangu Jumatano? Na juzi jioni nimekupigia simu kukuambia ninalia kwa sababu ya Frankline, nawe ukanipa pole?"

"Nilitaka kusema. Wafadhili wangejua ni mimi nimeharibu, ningerudi wapi? Nikafikiri polisi hawatampata na kitu, watamwachilia. Halafu jana nikasikia amepatikana na unga." Alifuta viganja tena kwenye koti. "Nikafikiri, labda kweli aliiba kidogo."

"Ulitaka kweli aibe," Nabwire alisema. "Ungelala vizuri."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa nusura ipite mahakamani. Nabwire alimwagiza Naswa apige picha kioo cha oveni, mizani na kisahani. Daktari Wangu aliandika taarifa mpya, akafuta malalamiko yake, akatia sahihi. Gordon aliandikiwa kufika kituoni saa nane mchana, na hakuhitaji kuelezwa kwamba kumpa polisi taarifa ya uongo ni kosa lenye jina. Saa nne na robo gari liliondoka, na barabara ya stendi ilikuwa imefungwa na magari.

"Panda ukingo wa barabara," Nabwire alisema.

"Madam, kuna mama na nyanya hapo."

"Basi piga honi, Naswa, piga honi!"

Saa tano kasoro dakika saba alimkuta mwendesha mashtaka kwenye ukumbi wa mahakama, faili zikiwa kwapani, jina la Oluoch likiwa la tatu kuitwa. Alimwekea simu yenye picha mkononi, na taarifa ya daktari juu yake. Mwanamke yule alisoma yote akiwa amesimama, akamtazama Nabwire juu ya karatasi.

"Inspekta, jana uliniambia huna shaka hata kidogo."

"Nilikuwa sina. Hilo ndilo kosa langu."

Faili ikatolewa kwenye rundo. Dakika kumi baadaye Oluoch alitoka mlango wa nyuma wa seli za mahakama, akishikilia suruali kwa sababu mkanda wake ulibaki kituoni. Nabwire alimfungua pingu mwenyewe, akamweleza yote kwa sentensi fupi: maji, oveni, Jumamosi, Jumatano. Oluoch alisikiliza akisugua vifundo vya mikono.

"Walikausha zote tatu?" aliuliza. "Hata ile ndogo?"

"Zote."

"Hiyo ndogo niliifanyia wiki sita." Machozi yalimlengalenga, akayaacha yatoke. Kisha akapangusa uso. "Sawa. Niko huru?"

"Uko huru. Daktari anataka urudi kazini leo. Naswa atakupeleka popote."

"Si Naswa." Sauti yake bado ilikuwa ya upole, lakini sasa ilikuwa na mfupa. "Madam, wewe ulinitoa kwa ile darasa na pingu. Watoto thelathini wameona. Jana wameenda nyumbani wakasema fundi wa ubao ni mwizi. Karatasi ya korti hawawezi kusoma. Unirudishe wewe mwenyewe, uingie na mimi."

Nabwire alikuwa na ripoti mbili za kuandika na mkubwa wake alikuwa amepiga simu mara nne. Alizima simu.

Saa sita na nusu darasa la pili lilikuwa bado halijaenda nyumbani. Nabwire alisimama mbele ya madawati, kofia mkononi. Katika miaka kumi na saba ya upolisi alikuwa amesema mbele ya majaji, mbele ya majambazi, mbele ya wakubwa walevi, na hakuwahi kutafuta maneno namna hii.

"Jana nilimkamata Bwana Oluoch," alisema. "Hakuiba chochote. Mimi ndiye niliyekosea."

Mwalimu Beldina aliyarudia maneno hayo kwa Dholuo, polepole, ili hata wa nyuma wayasikie. Kisha yule msichana wa dawati la mbele, aliyesogea ukutani asubuhi, aliinua mkono.

"Sasa wewe utafungwa lini?"

Naswa, mlangoni, aligeuka kutazama nje. Mwalimu Beldina alitaka kumkemea mtoto, lakini Oluoch alimtangulia. Alikuwa ameshachota rangi kutoka kwenye ndoo ya pili iliyobaki, na alimnyooshea Nabwire brashi.

"Huyu atapaka ubao," aliwaambia watoto. "Nusu yote imebaki."

Nabwire alivua koti la kazi, akakunja mikono ya shati. Alianza kwa pupa kama kawaida yake, brashi juu na chini, matone yakidondoka kwenye viatu vyake, hadi Oluoch alipomshika kiwiko.

"Pole pole, Madam. Hii ya kwanza ikauke ndio uongeze ya pili."

"Inachukua muda gani?"

"Nusu saa. Ikiwa na jua."

Nje, Mama Seline alikuwa akigeuza omena wake. Nabwire aliketi kwenye dawati la mbele, magoti yakigonga ubao wa chini, mikono myeusi hadi kwenye vifundo. Msichana alisogea akamwachia nafasi. Wakakaa hapo wote wawili, wakiutazama ubao ukikauka.